Mto wa mchanga, msitu wa miombo: mwongozo kamili wa kupiga picha za asili Dodoma na Kondoa

Mtu akitaka kupiga picha za msitu na mto, wengi humwelekeza Morogoro au Lushoto. Mimi humwambia apande basi la Kondoa. Mvua ya Dodoma ni haba, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo mito yetu mingi hulala mchanga mtupu zaidi ya nusu ya mwaka. Mgeni asiyejua hilo hufika Agosti, akaona bonde kavu, akageuza gari. Mwenyeji anajua kwamba katika korongo moja kuna mito mitatu: mto wa mafuriko, mto wa madimbwi na mto wa mchanga. Kila mmoja una mwezi wake, mwanga wake na namna yake ya kupigwa picha. Mwongozo huu unafuata mito hiyo mitatu, pamoja na msitu unaoizunguka.

Hatua ya kwanza: chagua kona moja ya mto

Usianze kwa kuzunguka wilaya nzima. Chagua kipande cha mto cha mita mia tatu hadi mia tano, ukirudie mwaka mzima. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu katika nchi kavu picha nzuri hutokana na kujua mambo madogo: mkuyu upi hupata jua la kwanza, dimbwi lipi huchelewa kukauka, tawi lipi mdiria hulipenda. Mambo hayo huyajui kwa safari moja.

Kuna mito miwili ninayoipendekeza kwa kuanzia. Bubu hushuka kutoka nyanda za Kondoa na kwenda kuishia kwenye kinamasi cha Bahi. Maji yake hayaioni bahari kamwe. Kinyasungwe huelekea mashariki, hubadilika jina njiani, na maji yake hufika Bahari ya Hindi kupitia Mto Wami. Ukitaka kijito cha mlimani chenye maji safi juu ya mawe, nenda Mpwapwa kwenye milima ya Kiboriani. Asiye na usafiri wa mbali na mjini anaweza kuanza na kingo za Bwawa la Hombolo. Si mto, lakini ndege na mwanga wa asubuhi vitamfundisha mengi.

Kona nzuri ina mambo manne. Ina mti mkubwa wa kuushika macho: mkuyu, mkwaju au mgunga. Ina ukingo unaopandika kwa urahisi, na sababu yake utaiona mbele. Ina mpindo, maana mto ulionyooka hauna pa kuyapeleka macho. Na haiko mbali na kaya ya watu, ili pawepo mtu wa kukuambia habari za mto wakati haupo.

Kondoa ina jambo jingine ambalo mpiga picha hapaswi kulipita. Makorongo yale marefu yenye kuta nyekundu ni kovu la mmomonyoko wa udongo wa miaka mingi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi ili ardhi ipumzike. Miti ikarudi. Leo ukisimama ukingoni utaona korongo lenye miti ndani yake, ukuta mwekundu juu na majani mabichi chini. Piga ukiwa juu, asubuhi, jua likiwa ubavuni mwako, ili kuta zionyeshe mistari ya udongo na miti ionyeshe umri wake. Hapo unapiga picha ya mandhari na ya historia kwa mpigo mmoja.

Hatua ya pili: omba ruhusa kabla ya kutoa kamera

Nenda ofisi ya kijiji. Shikamoo kwa wazee, Mbukwenyi ukiwa Ugogoni, salamu ya Kiislamu inapofaa ukiwa Kondoa. Mweleze mwenyekiti au mtendaji unataka kupiga nini, siku ngapi, na picha zitakwenda wapi. Saini kitabu cha wageni. Omba kijana wa kijiji akuongoze siku ya kwanza na umlipe vizuri. Yeye ndiye ajuaye mzinga wa nyuki ulipo na njia ya ng'ombe inapopita.

Msitu wa hifadhi wa serikali unahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mapori ya akiba kama Swaga Swaga na Mkungunero yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, usiingie kwa kujificha. Ukipitia Kolo kuona michoro ya miambani, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, utapata mwongoza wageni wa mambo ya kale. Usitumie flashi na usiguse mwamba, maana watu bado hufanya matambiko huko. Ndege nyuki (droni) inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla hujairusha. Kambi za jeshi usizielekezee kamera kabisa, na kwenye reli au daraja kubwa uliza kwanza.

Hatua ya tatu: shika kalenda

Septemba na Oktoba, kabla tone la mvua halijaanguka, miombo hutoa majani mapya. Hayatoki ya kijani. Yanatoka mekundu, ya rangi ya shaba na ya dhahabu, na kilima kizima huwa kama kimepakwa rangi. Ni majuma machache tu. Mtu anayedhani kiangazi hakina rangi hajawahi kuupanda mlima wa Kondoa wakati huo. Katika miezi hiyohiyo mibuyu hukaribia kuchanua: ua lake jeupe hufunguka jioni na huishi usiku mmoja, kwa hiyo uwe chini ya mti jua linapozama, ukiwa na tochi ndogo ya kulimulika kwa ubavu.

Desemba hadi Machi ni mto wa mafuriko. Anga lina mawingu makubwa, majani ni mabichi, uyoga huota chini ya miombo. Aprili na Mei ni mto wa madimbwi, na kama nafasi yako ni safari moja tu kwa mwaka, ichukue hapo: vumbi limeoshwa hewani, nyasi bado ni za kijani, maji yametulia na yamekuwa maangavu. Kuanzia Juni ni mto wa mchanga. Upepo huongezeka, vumbi hupanda, na moshi wa mashamba na nyika huweka utando angani. Usiuchukie utando huo. Alfajiri hutenganisha vilima kimoja baada ya kingine kama shuka zilizoanikwa.

Kuhusu saa, jua la Dodoma huchomoza kati ya saa 12:30 na 12:40 asubuhi miezi ya Aprili na Mei, na hutangulia kidogo mwezi wa Novemba. Mapambazuko yetu ni mafupi, kama dakika ishirini tu kutoka giza hadi mwanga. Uwe umeshasimama mahali pako saa 12 kamili. Mwanga mzuri hukaa hadi saa 2, saa 3 umeshakuwa mkali. Jioni urudi tena kuanzia saa 10:30.

Hatua ya nne: vifaa

Kamera yoyote yenye lenzi ya kubadilisha inatosha: lenzi pana ya milimita 18 hadi 55 kwa mandhari, na ndefu ya milimita 200 au 300 kwa ndege. Stendi ya miguu mitatu ni muhimu kuliko lenzi ya tatu. Filta ya polaraiza, kioo cha kuzungusha kinachoondoa mng'ao, nunua mapema. Filta nyingine zinaweza kusubiri. Beba betri mbili, memori kadi mbili, brashi laini, kitambaa safi, mfuko wa plastiki mzito wa kuzuia mvua na vumbi, na maji ya kunywa lita tatu kwa kila mtu. Usibadilishe lenzi upepo ukivuma. Ingia garini au ndani ya mfuko, elekeza mdomo wa kamera chini, badilisha haraka.

Mwenye simu asikate tamaa. Afute kioo cha lenzi, abonyeze kwa muda mrefu pale anapotaka fokasi mpaka ijifunge, kisha ashushe mwanga kwa kuteleza kidole mpaka anga lirudishe rangi. Asikuze kwa vidole. Atembee, asogee. Simu yenye modi ya Pro inamruhusu kuchagua kasi ya shata (muda ambao kamera huachia mwanga uingie) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), na maelezo ya chini yatamfaa vilevile.

Hatua ya tano: msituni

Msitu wa miombo si kama msitu wa mvua. Matawi yake yameachana, jua hupenya mpaka ardhini, na hapo ndipo shida inapoanzia. Saa 5 mchana ardhi yote huwa madoadoa, sehemu nyeupe kupita kiasi na sehemu nyeusi tii, na hakuna kamera itakayozibeba zote mbili. Usipigane na mwanga huo. Una njia tatu. Ya kwanza ni kupiga mapema au jioni, jua likiwa chini na kuingia kwa ubavu. Ya pili ni kusubiri wingu: likifunika jua, msitu wote hupata mwanga laini na rangi za magome hujitokeza. Ya tatu ni kupiga vitu vidogo vilivyo kivulini kabisa, kama gome, uyoga, mzinga wa gogo ukining'inia, mizizi iliyochimbuliwa na maji.

Kisha tafuta mwenye nyumba. Kila picha ya msitu inahitaji mti mmoja ambao ndio wenye picha, na mingine iwe majirani. Kosa la wengi ni kusimama mbele ya miti hamsini na kuitaka yote. Chagua myombo wenye shina lililojipinda, au mbuyu, au mti mkavu uliobakia umesimama. Sasa sogea nusu hatua kushoto, nusu hatua kulia, ukichungulia, mpaka shina lake lisigusane na shina la nyuma. Nafasi ndogo ya hewa kati ya shina na shina hubadilisha picha yote. Mimi huweza kutumia robo saa kwa kusogea hivyo kabla sijabonyeza hata mara moja, na sijutii.

Lifiche anga jeupe. Likichungulia kati ya matawi, macho ya mtazamaji hukimbilia huko. Panda mahali pa juu kidogo uelekeze kamera chini, au kata picha chini ya matawi. Lakini majani mekundu ya Septemba fanya kinyume: yaweke kati yako na jua, jua lifichwe na shina, na majani yatawaka kama vioo. Hapo punguza mwanga wa kamera kwa hatua moja, yaani nusu, ili rangi isififie.

Kwa vipimo, anza hivi kwenye stendi: tundu la lenzi f/8, ISO 100 au 200, na shata uiache iwe polepole inavyohitaji, hata sehemu ya 1/8 ya sekunde, mradi majani hayatikiswi na upepo. Ukishika kwa mkono, shata isiwe chini ya urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 50 itake 1/60 au zaidi, ya 200 itake 1/250. Pandisha ISO hadi 800 au 1600 bila hofu. Chembechembe kidogo kwenye picha ni afadhali kuliko picha iliyotikisika. Polaraiza izungushe taratibu ukitazama majani mabichi baada ya mvua. Mng'ao mweupe utaondoka na kijani halisi kitabaki. Inakula mwanga kiasi cha hatua moja hadi mbili, basi fidia kwenye shata.

Hatua ya sita: mito mitatu

Mto wa mafuriko hupigwa kutoka ukingo wa juu tu. Maji yake ni ya rangi ya udongo, na hapa sikubaliani na desturi ya kulainisha kila maji yapitayo mbele ya kamera. Ukiacha shata wazi sekunde moja kwenye maji ya tope, utapata kitu kama chai ya maziwa iliyomwagika. Nguvu ya mto hupotea. Tumia 1/30 au 1/60, ili mawimbi yaonyeshe mwendo lakini matawi na magogo yanayobebwa yabaki na umbo. Panapo mwamba unaorusha maji, nenda 1/1000 usimamishe matone. Weka kitu cha kulinganisha ukubwa, kama mti uliozama nusu, ili mtazamaji ajue kina.

Ule ulaini wa hariri uache kwa vijito safi vya mlimani. Huko tumia stendi, ISO 100, f/11, na shata kati ya 1/4 na sekunde moja. Mwanga ukiwa mwingi, filta nyeusi ya ND, ya kupunguza mwanga, yenye hatua sita hugeuza 1/60 kuwa sekunde moja. Bonyeza kwa kipima muda cha sekunde mbili, usitikise kamera kwa kidole.

Mto wa madimbwi ndio ninaoupenda zaidi. Shuka chini, magoti mchangani, kamera iwe kiganja kimoja au viwili juu ya maji. Ukisimama wima utaona dimbwi dogo lenye anga. Ukishuka, mkuyu mzima utaingia majini kichwa chini. Fokasi iweke kwenye mti, si kwenye uso wa maji. Kivuli majini huwa cheusi kuliko mti wenyewe, kwa hiyo pima mwanga ukitazama mti. Polaraiza hapa iangalie sana, kwa maana ukiizungusha vibaya inafuta taswira yote uliyoifuata. Maliza kabla ya saa 3, upepo haujaanza kukunja uso wa maji.

Mto wa mchanga unadai ubavu wa jua. Saa 1 asubuhi kila unyayo una kivuli chake: kanga, mbuzi, fisi aliyepita usiku, mtoto aliyefuata ndoo. Saa 4 nyayo hizohizo hazionekani. Tembea pembeni kabisa mwa korongo na usikatize katikati, kwani hatua zako hazifutiki mpaka upepo wa kesho. Lenzi pana, f/11, kamera chini, fokasi kwenye unyayo ulio kwenye theluthi ya chini ya picha, na mpindo wa mto uchukue macho mpaka kwenye mti.

Ndege

Mdiria ana tawi lake. Tafuta tawi lenye madoa meupe ya kinyesi juu ya dimbwi, kaa mita nane hadi kumi, jifunike shuka ya rangi ya udongo, usubiri. Ataondoka, atarudi palepale. Akitua tumia 1/500, akiruka 1/2000, fokasi kwenye jicho daima. Fundichuma hujenga kiota kikubwa ajabu kwenye panda za mkuyu, na kwa wazee wengi kuna mwiko wa kukigusa. Kiheshimu, piga kwa mbali. Usicheze sauti za ndege kwenye simu ili kuwaita, na usitangaze mahali kiota kilipo.

Heroe hawakai mtoni. Kwa hao nenda Singida, kwenye maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai.

Watu mtoni

Kiangazi, kina mama huchimba visima mchangani na kuteka maji kwa kata. Ni picha ambayo kila mgeni anaitaka, na ndiyo inayopigwa vibaya zaidi, kwa kuibwa kutoka mbali kwa lenzi ndefu. Weka kamera begani, nenda, amkia: "Shikamoo mama. Naomba kukupiga picha ukiteka maji, unaniruhusu?" Akikataa, asante na uondoke. Akikubali, mwonyeshe picha kwenye kioo. Watoto waombee kwa wazazi wao. Na usizuie foleni ya maji kwa ajili ya picha. Ng'ombe na ndoo vina haki ya kwanza.

Usalama

Januari moja nilikuwa nimepiga magoti katikati ya korongo la mchanga, anga juu yangu jeupe halina hata wingu. Mzee mfugaji alipiga kelele kutoka ukingoni. Sikumwelewa, nikadhani ananiambia nisipige picha. Akapiga kelele tena, akionyesha juu kwa fimbo. Nikasikia sauti kama lori linalopanda mlima. Nilipanda ukingo mikono mitupu, na nilipogeuka stendi na begi la lenzi vilikuwa vimeshachukuliwa. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mbali sana na pale niliposimama.

Kwa hiyo: msimu wa mvua usikae ndani ya korongo bila mtu ukingoni anayetazama upande wa juu wa mto. Ukiona wingu jeusi kwenye vilima vya juu, toka. Ukiona povu na vijiti vinasukumwa na ulimi mwembamba wa maji, au ukisikia harufu ya tope kabla ya kuona tope, acha kila kitu utoke. Usipige hema mchangani hata mwezi wa Machi ukionekana mkavu. Na usivuke maji ya tope kwa miguu wala kwa pikipiki.

Mbung'o wa pori la Swaga Swaga huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, vaa kaki. Usisimame chini ya mzinga, usipake manukato. Nyoka moma hulala kwenye majani makavu na hapishi njia, basi vaa buti na uangalie unapoweka goti. Bwawa la Mtera na penye vidimbwi vikubwa vya kudumu kuna mamba na viboko: piga kutoka juu, kamwe si kwenye ukingo wa maji, na magharibi ikiingia uwe umeondoka.

Ukirudi nyumbani

Nakili picha mahali pawili usiku huohuo kabla hujafuta kadi. Kama kamera yako inatoa faili za RAW, yaani ghafi zenye kila kilichonaswa na kamera, tumia hizo. Msitu una giza na mwanga pamoja, na JPEG, faili la kawaida lililobanwa, hutupa sehemu yake. Chini ya majani mabichi magome na nyuso za watu huchukua ukijani, rekebisha rangi mpaka gome lirudi kuwa gome. Maji ya tope yaache yawe ya tope. Katika kila faili andika jina la mto, kijiji, tarehe na hali ya maji. Baada ya miaka mitatu ya kona moja, maandishi hayo yatakuonyesha mafuriko yalianza lini na dimbwi lilikauka lini, kwa picha na kwa tarehe.

Kisha chapisha chache, za ukubwa wa kadi, uzipeleke kijijini utakaporudi. Moja kwa mama wa kisimani, moja kwa kijana aliyekuongoza, moja ya mkuyu kwa ofisi ya kijiji. Mimi yule mzee mfugaji nilimpelekea picha ya korongo likiwa limejaa. Aliitazama sana, akanionyesha kwa kidole mpindo mwingine juu zaidi ambako, alisema, maji hubaki mpaka Julai. Sasa ndiko ninakopiga picha.